Historia Iliyochorwa Juu ya Gunia la Unga

Msikilizaji mmoja wa hapa Sumbawanga ameniandikia akiuliza kama mtu asiyeandika vitabu aweza kutunza historia. Nitamjibu kwa habari ya mtu wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika.

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Elisabethville, ambao sasa ni Lubumbashi, nchini Kongo. Kazi yake ilikuwa kuchora picha za kuuza. Watu walizinunua, wakazitundika ukutani, nao wakasema ni vitu vya ukumbusho. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga.

Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, nao wakapatana kwamba achore historia nzima ya Zaire, kama nchi ile ilivyoitwa wakati huo. Kufika mwaka 1974 picha zilikuwa zimepita 100. Kila alipoleta fungu la picha alizieleza moja moja kwa Kiswahili, huku mashine ikinasa sauti yake.

Sasa, alifanyaje kazi? Kwanza aliwaza. Mambo mengi hakuyaona kwa macho. Aliyasikia au aliyasoma, kisha akawaza yalivyokuwa, ndipo akashika brashi. Chukueni picha yake ya ukoloni wa Kibelgiji. Mfungwa amelala chini, askari mweusi anampiga kiboko, na Mzungu amesimama kando akitazama. Mimi huona kule kutazama kunauma kuliko kiboko chenyewe. Ukiitazama picha hiyo peke yake, utadhani ni habari ya gereza tu. Lakini iweke kati ya kuuawa kwa Msiri mwaka 1891 (naye asili yake ni huku kwetu, Unyamwezi) na siku ile ya Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière waliogoma walipopigwa risasi katika uwanja wa mpira. Hapo picha zinaanza kusemezana, na moyo wa mtazamaji unazidi kuwa mzito.

Patrice Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba alichora maiti zao, Lumumba ana jeraha ubavuni, na kwa mbali imesimama misalaba mitatu. Mtu atasema misalaba haikuwapo pale. Kweli, haikuwapo. Lakini ninyi wa Ufipa mliokulia karibu na misheni, sidhani kama mnahitaji kuelezwa.

Tangu mwaka 1981 hivi Tshibumba hajulikani alikokwenda. Picha zile zimewekwa Amsterdam, mbali na kuta za watu aliokuwa akiwauzia.

Nasi tunayo malungu, zile tanuri ndefu za udongo zilizoyeyusha chuma kwa kuvuta upepo zenyewe, bila mivuo. Chuma kilisafishwa baadaye katika kintengwe, tanuri ndogo yenye mivuo. Wahunzi wenyewe wamekwisha kufa. Wamebaki wachache waliosimuliwa nao.

Basi kabla ya somo lijalo, kila darasa limtafute mzee mmoja. Mwulizeni udongo ulitoka wapi, nani aliwasha moto, nani alikatazwa kukaribia. Kisha chukueni penseli mchore picha nne zinazofuatana, na chini ya kila moja mwandike maneno yake mzee, si yenu. Karatasi ikikosekana, gunia litafaa.