Mafuta na Njia ya Mpakani

Kisoko, wilayani Tororo nchini Uganda, haina kisima cha mafuta wala bandari. Hata hivyo, mama apelekaye mahindi kwenye mashine ya kusaga hutambua mara moja kwamba dizeli imepanda bei. Dizeli ndiyo inayozungusha mashine, na ndiyo inayofikisha chumvi na sabuni dukani.

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya mafuta ya Uganda imetoka bandari ya Mombasa na kuingia kupitia Malaba na Busia. Historia ya njia hiyo ina fundisho kubwa.

Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati. Nchi zinazouza mafuta zilipandisha bei, na kufikia Januari 1974 pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi liligharimu karibu dola 12. Pigo hilo lilitoka mbali. Hakuna mlinzi wa mpaka aliyeweza kulizuia.

Pigo la pili lilitoka karibu. Makomando wa Israeli walipovamia Entebbe usiku wa kuamkia Julai 4, 1976, serikali ya Idi Amin iliilaumu Kenya na kuitishia. Kenya nayo ikadai malipo kwa fedha za kigeni, na mafuta yakaadimika Uganda. Jeshi lililojivunia vifaru likakumbushwa kwamba kifaru kisicho na mafuta ni chuma tu. Suluhu ilipatikana Nairobi mwezi Agosti, mezani, si vitani.

Pigo la tatu lilitokea Januari 2022. Madereva wa malori waligoma kulipia vipimo vya Korona mpakani. Misururu ya malori ilienea kilometa nyingi, na katika baadhi ya vituo vya Uganda lita moja ya petroli ilivuka shilingi 10,000. Nauli zikapanda, na bidhaa zikafuata.

Ni dhahiri basi kwamba katika mapigo hayo matatu, ni moja tu lililoanzia visimani. Mawili yalizaliwa njiani. Kila saa ambayo lori husimama bila sababu ni gharama, na gharama hiyo hulipwa na mnunuzi wa mwisho. Kwa hiyo askari anayekagua magari kwa haki na upesi, asiyedai chochote wala kufumbia macho magendo, halindi mstari wa ramani peke yake. Analinda pia unga wa mama wa Kisoko.