Msitu wa Aberdare na riziki ya Eastlands

Watu wengi wakisikia habari za mbuga na misitu ya serikali hufikiria watalii, simba na dola. Kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, ardhi ya umma iliyohifadhiwa ambayo hugusa mifuko yao zaidi iko mbali na macho yao. Ni milima ya Nyandarua, ijulikanayo pia kama Aberdare, ambayo sehemu yake ya juu ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka wa 1950, huku miteremko yake ikiwa misitu ya hifadhi.

Mto Thika huanzia huko. Bwawa la Ndakaini katika Kaunti ya Murang'a, lililokamilika mwaka wa 1994, lina uwezo wa kuhifadhi mita milioni 70 za ujazo, na kwa miaka mingi Nairobi imelitegemea kwa zaidi ya asilimia 80 ya maji yake. Msitu hunyonya mvua na kuiachilia polepole wakati wa kiangazi. Ukifyekwa, maji huteremka kwa kishindo pamoja na udongo, ambao hujaza mabwawa na kupandisha gharama ya kuyasafisha maji.

Gharama hiyo hufika Eastlands. Mitaa kama Umoja na Dandora, iliyoanzishwa miaka ya 1970, ilipangiwa nyumba ndogondogo. Leo maghorofa yamesimama mahali pa nyumba hizo, na mifereji hukauka upesi panapotangazwa mgao, kama ilivyokuwa mwanzoni mwa 2017 baada ya mvua kukosekana. Hapo ndipo mikokoteni ya maji huingia. Mtungi wa lita 20 ukiuzwa kwa shilingi 20, mita moja ya ujazo, yaani mitungi 50, humgharimu mnunuzi shilingi 1,000. Mwenye mkokoteni hupata riziki, ni kweli, lakini huipata kutoka kwa mama wa hoteli, dobi na msusi, ambao faida yao ni haba tangu hapo. Visima virefu navyo si suluhisho kamili, kwa kuwa maji ya vingi jijini yana madini ya floridi yanayoharibu meno ya watoto.

Hata hivyo, si haki kudai kwamba hifadhi haimuumizi mtu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mnamo Februari 2018, wauza mbao na maseremala wa Gikomba walijikuta wakinunua bidhaa kwa bei ya juu, nyingine kutoka nje ya nchi. Marufuku hayo yaliyokusudiwa kudumu siku 90 yaliongezwa mara kwa mara, hadi Rais William Ruto alipotangaza kuyaondoa Julai 2023. Fundi wa vitanda aliyepoteza wateja kwa ajili ya chemchemi asizoziona hakufidiwa na yeyote.

Wala msitu wenyewe haukuwa salama kwa kuitwa hifadhi tu. Uchunguzi wa angani uliochapishwa mwaka wa 2003 ulifichua maelfu ya matanuri ya makaa ndani ya Aberdare. Ua wa umeme wa takriban kilomita 400, ulioanza kujengwa 1989, ulikamilika 2009. Umepunguza uvamizi na kuwazuia ndovu kuharibu mashamba ya wakulima.

Swali lililobaki ni nani anayestahili kulipwa. Njia ya chini kwa chini ya karibu kilomita 12, iliyozinduliwa 2022, huchukua maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati na kuyapeleka Ndakaini. Kabla ya hapo, aliyekuwa gavana wa Murang'a, Mwangi wa Iria, alidai kaunti yake ipewe asilimia 25 ya mapato ya maji hayo, akisema wenyeji wake wamekosa maji huku mabomba yakipita mlangoni mwao. Dai hilo lina uzito. Lakini ada yoyote itakayowekwa Murang'a italipwa hatimaye Kayole na Dandora, tena na wanunuzi wa mitungi, ambao tayari hulipa zaidi kuliko wenye mita nyumbani.