Abashingantahe: Malezi ya Uongozi katika Vilima vya Burundi

Umushingantahe, kwa Kirundi, ni mtu asimikaye intahe. Intahe ni fimbo ambayo mzee wa baraza huigonga ardhini anaposema na anapotoa hukumu, na kitenzi gushinga kina maana ya kuchomeka kitu kikakaa imara. Wingi wake ni abashingantahe. Hadhi yenyewe huitwa ubushingantahe. Kwa vizazi vingi watu hawa ndio waliosuluhisha ugomvi, waliogawa urithi, walioshuhudia mahari na mauzo ya ng'ombe, na waliomkumbusha mtawala mipaka yake. Cheo hicho hakikurithiwa, wala hakikutolewa na mfalme. Mtu alilelewa na kilima chake, akapimwa na majirani, kisha akasimikwa mbele ya watu wote.

Sababu ya utaratibu huo inaonekana katika makazi yenyewe. Burundi ya zamani haikuwa na vijiji vya nyumba zilizosongamana. Kila familia ilikaa katika rugo, boma lililozungushiwa ua, katikati ya migomba na mashamba yake, na kilima kizima ndicho kilichokuwa mtaa. Ng'ombe wa huyu aliingia katika mtama wa yule. Mpaka wa shamba ulisogezwa kwa jembe, kidogo kidogo, msimu hadi msimu. Wagombanao hawakuwa na pa kuhamia. Hukumu iliyompa mmoja haki yake na kumwacha mwenzake na kinyongo ilikuwa imemaliza nusu tu ya kazi, kwa sababu kesho yake wawili hao wangekutana kwenye njia ileile ya kisimani.

Masimulizi ya Warundi hurudisha asili ya baraza hili katika enzi za Ntare Rushatsi, mwanzilishi wa ufalme, na humtaja Ngoma ya Sacega kuwa hakimu aliyesifika kwa kung'amua kesi zilizowashinda wengine. Jambo lililo wazi zaidi ni nafasi ya baraza katika dola. Juu alikuwepo mwami, yaani mfalme. Chini yake Baganwa, watu wa ukoo wa kifalme, waliotawala majimbo. Abashingantahe walikuwepo katika kila ngazi: kilimani, kwa mtawala wa jimbo na katika baraza la mwami mwenyewe. Kwa kawaida Baganwa hawakusimikwa. Aliyezaliwa na mamlaka hakupewa intahe pia, na hivyo kilima kilibaki na watu wa kumzuia. Wahutu na Watutsi, jamii mbili kubwa za nchi, walisimikwa kwa masharti yaleyale na kukaa katika baraza moja.

Masharti yalikuwa magumu. Mgombea alitakiwa awe mtu mzima mwenye ndoa, awe na mji unaojitegemea, awe mchapakazi, mkweli, mwenye kujiheshimu na mwenye kuona faida ya wengi kabla ya faida yake. Alitakiwa pia awe na kiasi katika pombe na katika maneno. Leo wataalamu wa saikolojia wangetawanya sifa hizo katika mafungu. Edward Thorndike wa Marekani aliandika juu ya akili ya kuishi na watu mwaka 1920, na Wamarekani wenzake Peter Salovey na John Mayer wakaandika juu ya akili ya hisia mwaka 1990. Kilimani mafungu hayo hayakutenganishwa: mwerevu asiyeweza kuzuia hasira yake hakusimikwa, na mpole asiyejua sheria hakusimikwa vilevile.

Kijana aliyeonekana kuwa na mwelekeo alianza kwa kukaa pembeni. Alifuatana na baba yake au mzee mwingine kwenda kusikiliza kesi, akanyamaza, akatumwa hapa na pale. Sheria haikuwa na kitabu. Ilibidi akumbuke shamba lipi lilitolewa na nani, ng'ombe yupi alilipwa kwa deni lipi, na kesi inayofanana na hii ilimalizwaje zamani. Miaka ilipita kabla ya kuombwa maoni yake, na alipoombwa, wazee hawakusikiliza jibu peke yake. Walimtazama pia alivyopokea kupingwa.

Usemaji ulikuwa somo kamili. Ethel Albert, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Burundi katikati ya miaka ya 1950, aliandika kwamba wavulana wa familia za tabaka la juu walianza kufundishwa kuzungumza wakiwa na umri wa miaka kumi hivi. Walijifunza kutunga hotuba papo kwa papo, kumwomba mkubwa kitu kwa maneno yanayostahili, na kujitetea upesi bila kuvunja adabu. Barazani watu walisema kwa kufuata ukubwa. Mkubwa alitangulia. Aliyefuata, hata kama hakuafiki neno lolote, alianza kwa kukiri kwamba mzee amesema kweli na ana ujuzi kumzidi, kisha taratibu akaligeuza jambo upande wake. Kupaza sauti kulikuwa aibu. Albert aliona pia upande mchungu wa elimu hiyo: mkulima aliyekuwa msemaji hodari kwa wenzake alitakiwa ababaike mbele ya bwana wake, ili asionekane anajilinganisha naye.

Kesi yenyewe ilisikilizwa hadharani, watu wameketi kwenye majani. Mlalamikaji alieleza, mlalamikiwa akajibu, na hakuna aliyeruhusiwa kumkatiza mwenzake. Mashahidi walifuata, kisha maswali. Wazee waliinuka wakaenda faraghani kushauriana, maana hakuna aliyehukumu peke yake, na waliporudi mmoja wao alitangaza kauli ya wote. Baadaye waliogombana walikunywa pombe pamoja kwa mirija mbele ya mashahidi wale wale. Kinywaji hicho ndicho kilichofunga kesi. Aliyekataa mrija alikuwa ametangaza kwamba ugomvi ungali hai.

Kusimikwa kulikuja baada ya kuchunguzwa muda mrefu, na mgombea alihitaji mdhamini miongoni mwa waliokwisha kusimikwa. Siku ikifika aliandaa pombe ya mtama na ya ndizi kwa kilima kizima. Mwenye neno dhidi yake alitakiwa aliseme hapo, watu wakisikia. Kisha aliapa kuitetea kweli hata ikimgharimu, akakabidhiwa intahe. Mke wake alikuwepo na aliingia katika heshima hiyo, kwa kuwa mji usiokuwa na amani ndani haukuweza kutoa msuluhishi. Aliyevunja kiapo, kwa mfano kwa kupokea rushwa au kutoa siri za baraza, aliweza kuvuliwa.

Haifai kuipamba desturi hii kupita kweli. Batwa, jamii ya tatu iliyo ndogo zaidi, waliachwa nje kabisa. Mwanamke aliheshimiwa kupitia mumewe na hakusimikwa kwa jina lake. Gharama ya karamu iliwafungia mlango maskini wengi, hata wenye busara. Hata hivyo, hakuna mamlaka nyingine katika ufalme huo iliyompa jirani wa kawaida nafasi ya kusimama na kumkataa kiongozi kabla hajaanza kazi.

Wajerumani, walioikalia nchi tangu miaka ya 1890 hadi 1916, hawakuligusa sana baraza. Wabelgiji waliofuata ndio waliobadilisha mambo. Walitaka machifu wachache wa kukusanya kodi, kusimamia kilimo cha lazima cha kahawa na kutoa watu wa kujenga barabara. Majimbo 133 ya mwaka 1929 yalipunguzwa hadi 46 mwaka 1933, na 35 mwaka 1945. Machifu Wahutu waliondolewa hadi wakaisha. Shule ya Astrida, mji ulioitwa baadaye Butare na sasa Huye nchini Rwanda, ilifundisha wana wa machifu hesabu, Kifaransa na uandishi wa taarifa. Walitoka wakiwa vijana hodari wa ofisi, wakakabidhiwa vilima ambavyo havikuwahi kuwaona wakigawa hata pori la malisho. Mahakama rasmi zilikuja na daftari, faini na jela. Abashingantahe wakashushwa hadi kuwa mashahidi na washauri wa machifu.

Hapo ndipo neno agatutu lilipoharibika. Zamani lilikuwa kibuyu kidogo cha pombe, shukrani kwa wazee waliotumia siku nzima juani kusikiliza kesi. Taratibu likageuka ada inayodaiwa kabla ya kusikilizwa, na hatimaye kwa wengi likawa jina la hongo.

Uhuru wa tarehe 1 Julai 1962 haukuurudisha utaratibu wa zamani. Ufalme ulifutwa Novemba 1966, na chama cha UPRONA kikabaki peke yake. Viongozi wa chama na watumishi wa serikali wakaanza kuhesabiwa kuwa abashingantahe kwa sababu ya nyadhifa zao, bila kupimwa na mtu. Neno lenyewe likapanuka hadi kuwa la adabu tu: mwanamume yeyote anayeheshimiwa huitwa mushingantahe, kama Mswahili anavyosema bwana. Jina lilienea kila mahali na malezi yaliyolipa maana yakakatika.

Mauaji ya mwaka 1972, yaliyochukua maisha ya watu wanaokadiriwa kati ya laki moja na laki tatu, yaliharibu msingi wenyewe. Maelfu walikimbilia Tanzania na kuwekwa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Walioondoka walikatwa na majirani waliowajua tangu utotoni. Waliobaki walijifunza kumwogopa jirani. Rais Melchior Ndadaye alipouawa tarehe 21 Oktoba 1993, vita viliingia kila kilima. Wapo abashingantahe waliowaficha majirani wa kabila jingine na kuzuia makundi yenye mapanga kwa maneno matupu. Wapo pia walionyamaza, na wengine wakashiriki.

Kumbukumbu ya wale wa kwanza ndiyo iliyolirudisha jambo mezani. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, uliosimamiwa kwanza na Mwalimu Julius Nyerere hadi alipofariki mwaka 1999 na kisha na Nelson Mandela, uliagiza ubushingantahe ufufuliwe. Wazee walioteuliwa kisiasa walichujwa, wapya wakasimikwa, na wanawake wakaanza kusimikwa kwa majina yao wenyewe. Sheria ya komini ya mwaka 2005 ililitambua baraza la kilima. Lakini wapo waliolishuku kuwa mabaki ya utawala uliopita na mshindani wa viongozi waliochaguliwa, na marekebisho ya mwaka 2010 yakaliondolea nafasi hiyo. Sheria ya mwaka 2021 ikaanzisha mabaraza ya wazee wa kilima wanaochaguliwa kwa kura.

Kura ina haki yake, hasa kwa maskini na Batwa ambao karamu ya zamani iliwaacha nje. Lakini kura haichunguzi mtu kwa miaka kumi, na haimkalishi kijana pembeni akasikiliza kesi mia moja kabla ya kufungua kinywa. Mashauri mengi yanayofika katika mahakama za Burundi ni ya ardhi, yakiwemo ya wakimbizi waliorudi kutoka Tanzania na kukuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Katika vilima vingi, kabla ya kwenda mahakamani, watu bado humwendea kwanza mzee aliyesimikwa kwa desturi ya zamani.