Pedali ya ngoma ya besi katika dramu za zamani

Pedali ya ngoma ya besi ni kifaa cha chuma kinachogeuza mkanyago wa mguu kuwa pigo la nyundo, yaani kijiti chenye kichwa cha sufi iliyoshindiliwa, kwenye ngozi ya ngoma kubwa iliyosimamishwa kwa ubavu. William F. Ludwig na nduguye Theobald walianza kuiuza mjini Chicago mwaka 1909, na kutokana na pedali za aina hiyo mtu mmoja akaweza kupiga dramu nzima, yaani seti ya ngoma na matoazi, kazi iliyokuwa ikigawanywa kwa wapigaji wawili au watatu.

Mkoani Tanga, ambako Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilijijengea jina katika muziki wa dansi wa miaka ya 1960, dramu za kizamani zina thamani kubwa, kwa kuwa uhaba wa fedha za kigeni uliofuata vita vya Uganda vya 1978 na 1979 ulifanya vyombo vipya kuwa adimu, na bendi zikalazimika kutunza na kufufua vile vilivyokuwapo. Kwa fundi wa Magoma, wilayani Korogwe, katika bonde la mto Lwengera, dramu iliyokwisha kupakwa rangi na kuvalishwa ngozi mpya huweza kupendeza machoni, ilhali pedali yake inateleza, inalia au inapiga pigo butu.

Sehemu kubwa ya lawama inazotupiwa pedali hutokana na jinsi ngoma ilivyosimama, na ndiyo maana ukaguzi unaofaa huanzia sakafuni kuelekea juu. Miguu miwili ya mbele ya ngoma hurekebishwa mpaka rimu ya mbele, yaani duara la mbao linalobana ngozi, iinuke kidogo kutoka sakafuni. Miguu hiyo ikilegea, ngoma husukumwa mbele kwa kila pigo na kuivuta pedali. Juu ya sakafu ya saruji iliyosuguliwa hufaa kutandika zulia kuukuu lenye kufika hadi chini ya kiti cha mpigaji, ili uzito wake mwenyewe ulishikilie.

Hatua inayofuata ni mahali pedali inapoibana rimu. Rimu ya kale huwa imepinda, imeliwa na meno ya vibanio vya miaka mingi, au imeongezewa unene kwa rangi na vanishi ya matengenezo, kwa hiyo kibanio kilichotengenezwa kwa rimu ya unene mwingine hukaa upande na bamba la chini la pedali huinuka upande mmoja. Kipande cha ngozi au cha mpira wa tairi la baiskeli, kikiwekwa kati ya chuma na mbao, huziba nafasi hiyo na pia huilinda rimu. Ikiwa kucha la chini, yaani ndoano inayoshikilia rimu kwa skurubu ya kukazia, linakigusa kibanio, ngoma huzungushwa kidogo ili kibanio kiangukie kati ya makucha mawili, mradi miguu yake iruhusu.

Nyundo hutakiwa kuigonga ngozi ikiwa imenyooka, karibu na kitovu chake. Ngoma ya inchi 20 ina kitovu kilicho takribani sentimita 25 kutoka ukingoni, hivyo pedali iliyopimwa kwa ngoma ya inchi 22 huigonga juu ya hapo mpaka kijiti kishushwe. Baada ya hapo tu ndipo springi iguswe, kwa kuwa springi iliyokazwa ili kuficha kasoro nyingine humchosha mpigaji na kuichakaza mihimili ya pedali. Katika Speed King ya Ludwig, iliyotoka mwaka 1937, springi zimefichwa ndani ya nguzo mbili na hurekebishwa kwa skurubu zilizo chini, na kelele zake mara nyingi ni grisi iliyokauka. Husafishwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, kisha hupakwa grisi mpya kidogo. Mkanda wa ngozi wa pedali nyingine uliorefuka hukatwa na kutobolewa upya, au hubadilishwa.

Ngozi ya ndama hulegea wakati wa masika na kukaza kiangazi, hivyo nyundo hurejea kwa nguvu tofauti hata bila pedali kuguswa. Ngozi za plastiki, zilizoenea kuanzia mwaka 1957, hazisumbui hivyo. Fundi hapaswi kutoboa rimu wala mwili wa ngoma kwa ajili ya pedali ya kisasa, kwa kuwa pedali hubadilishwa wakati wowote, lakini mbao iliyotobolewa hairudi.