Kutoka Kibarazani hadi Mkutano Mkuu wa Kijiji: Historia ya Baraza la Umma katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Neno baraza lina maana mbili zinazoishi pamoja bila kugombana. Maana ya kwanza ni sehemu ya nyumba: kikalio cha mawe au cha udongo kinachojengwa mbele ya nyumba, kando ya mlango, ambapo mwenye nyumba huketi na wageni wake. Maana ya pili ni watu wenyewe waliokutana kushauriana au kuamua jambo. Ndiyo maana husemwa baraza la wazee, baraza la madiwani, baraza la mawaziri, na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lililoanza kazi mwaka 1980. Baina ya kikalio na chombo cha kutunga sheria ipo safari ndefu, na katika safari hiyo wenyeji wa Afrika Mashariki wamejaribu namna nyingi za kukutanisha umma.

Mhadhara huu unachunguza safari hiyo kwa swali moja: ni mambo gani yaliyoufanya mkutano wa umma ufae, na ni yapi yaliyoufanya uwe kelele tupu? Hoja kuu ni kwamba kufaa kwa baraza hakukutokana na wingi wa waliohudhuria wala ufasaha wa waliohutubia. Kulitokana na majibu ya maswali manne: nani aliliitisha, nani aliamua litakalozungumzwa, nani aliruhusiwa kusema, na neno lililokubaliwa lilikwenda wapi baada ya watu kutawanyika.

Baraza la mlangoni

Ushahidi wa maandishi ni wa kale. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alieleza jinsi watu walivyofika mlangoni kwa mtawala siku ya Jumamosi na kuketi nje ya nyumba, mahali palipoezekwa. Baadaye kadhi, mawaziri, mwandishi na maamiri waliketi kusikiliza malalamiko. Mambo ya sheria ya dini yaliamuliwa na kadhi. Mengine yaliamuliwa na mawaziri na maamiri. Lililohitaji kauli ya mtawala liliandikwa na kupelekwa kwake ndani, naye alijibu nyuma ya karatasi ile ile. Katika maelezo hayo mafupi mna mambo ambayo mkutano wowote wa leo unayahitaji: siku inayojulikana, mahali panapojulikana, mgawanyo wa kazi, na jibu lililoandikwa.

Katika miji ya mawe ya pwani, kama Lamu, Mombasa na Unguja, baraza la mlangoni lilikuwa na kazi nyingine. Vichochoro ni vyembamba, na sitara ya nyumba ilitakiwa kulindwa. Kikalio cha nje kilimwezesha mwenye nyumba kumkaribisha mgeni pasipo kumwingiza ndani. Baada ya sala ya alasiri wanaume walikaa hapo, wakanywa kahawa, wakacheza bao, wakapeana habari za bei, za safari na za ugomvi wa mtaa. Mengi yaliyokuja kuamuliwa na wakubwa yalikuwa yamekwisha kupikwa vibarazani.

Hata hivyo, haifai kulisifu baraza hilo kupita kiasi. Si kila mtu aliketi. Mtumwa hakuketi sawa na mwungwana, na mwanamke hakuketi kabisa. Wanawake walikuwa na mikutano yao: arusini, katika upatu, na katika vyama vya ngoma kama vile vya lelemama vya Mombasa, vilivyokuwa na viongozi wenye vyeo na ushindani mkali baina yao. Methali isemayo penye wengi hapaharibiki neno ni ya kweli, lakini historia inauliza: wengi hao ni akina nani?

Shauri la boma na baraza la serikali

Utawala wa Wajerumani ulipoenea Tanganyika, neno lililochukuliwa na maofisa lilikuwa shauri. Waliliingiza hata katika Kijerumani chao, wakilitumia kwa maana ya kikao cha bomani ambapo ofisa alisikiliza kesi na kutoa maagizo. Neno hilo, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa na maana ya kupeana rai. Bomani lilipata uzito mwingine, kwani aliyeitwa shaurini alikwenda kusikia uamuzi. Historia ya maana za neno hili inastahili kufuatwa na wanaisimu. Leo anayeambiwa “shauri yako” haombwi rai. Anaonywa kwamba matokeo atayabeba peke yake. Wakati huo huo neno halmashauri limehifadhi ndani yake ile maana ya zamani ya watu kushauriana.

Waingereza walipendelea neno baraza. Nchini Kenya, sheria za mamlaka ya wenyeji za mwaka 1912 na 1937 zilimpa chifu uwezo wa kutoa amri kwa watu wake, na baraza la chifu likawa mahali pa kuzitangaza: kodi, kazi za barabara, kilimo cha makinga maji. Nchini Tanganyika, chini ya Gavana Donald Cameron, sheria ya mwaka 1926 iliweka utawala kupitia machifu, na baraza likawa chombo chake. Watu walifika kwa wingi, wakaketi chini, wakasikiliza. Kwa kipimo cha mahudhurio, mikutano hiyo ilifaulu. Lakini ajenda ilitoka juu na uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa. Maswali yaliyoruhusiwa yalihusu namna ya kutii.

Meru, 1951: mabaraza mawili

Tofauti baina ya baraza la kutangaziwa na baraza la kuamua ilionekana wazi katika nchi ya Wameru, chini ya Mlima Meru. Baada ya Vita Kuu ya Pili, ripoti ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ardhi ya eneo hilo ipangwe upya, ili Engare Nanyuki iwe sehemu ya eneo la mashamba ya walowezi wa Kizungu. Wameru walielezwa, wakakataa. Walielezwa tena na kuahidiwa fidia, wakakataa fidia pia. Kwa watawala, kueleza kulitosha kuitwa mashauriano. Novemba 1951 watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu, na nyumba zao zikachomwa moto.

Wakati huo palikuwa na mikutano ya namna ya pili, ile iliyoitishwa na Wameru wenyewe. Humo walijadili la kufanya, wakachanga fedha, wakaunda umoja wao, na wakakubaliana kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa, kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini. Kirilo Japhet alichaguliwa kuwa msemaji, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Mwaka 1952 Kirilo alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini. Katika Baraza Kuu azimio la kutaka Wameru warudishiwe ardhi yao halikupata theluthi mbili ya kura zilizohitajika.

Kwa matokeo ya karibu, Wameru walishindwa. Lakini tazama mkutano wao ulivyokwenda. Uliitishwa na wenye shida. Jambo lililojadiliwa lilikuwa moja na wazi. Uamuzi ulipewa mtu wa kuutekeleza na fedha za kumwezesha. Kisha Kirilo alirudi, akatoa habari ya safari yake kwa waliomtuma, na akazunguka sehemu nyingine za nchi akiisimulia. Mrejesho huo ndio uliolifanya shauri la Wameru kuwa shauri la Watanganyika. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, watu wengi walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba mkutano unaweza kuzaa jambo.

Baada ya uhuru: mti na jukwaa

Katika maandishi yake ya miaka ya mwanzo ya 1960, Julius Nyerere aliitumia sana picha ya wazee wanaokaa chini ya mti na kuzungumza mpaka wakubaliane. Picha hiyo ilikuwa msingi wa hoja yake juu ya demokrasia ya Kiafrika. Maisha ya vijijini yaliijaribu hoja hiyo kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilionekana Litowa, mkoani Ruvuma. Vijana wa TANU waliofungua makazi huko mwanzoni mwa miaka ya 1960 walijenga kijiji kilichoendeshwa kwa mikutano ya wanakijiji wote: kazi ziligawanywa hapo, mapato yalijadiliwa hapo, na hata shule ilikuwa jambo la kijiji kizima. Vijiji vingine vilijiunga, ukaundwa Umoja wa Maendeleo wa Ruvuma. Mfano huo ulivutia wengi, akiwemo Nyerere mwenyewe. Lakini kijiji chenye baraza linaloamua hakimhitaji sana ofisa wa mkoa, na jambo hilo liliwaudhi wakubwa. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo.

Njia ya pili ilikuwa ya amri. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Mikutano ilifanyika kila mahali, lakini swali lililopelekwa halikuwa “tuhame au tusihame?” Sehemu nyingi watu walihamishwa kwa nguvu na kupelekwa mbali na mashamba yao. Mti ulikuwepo, na wazee walikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi ya kukataa, na palipo hivyo makubaliano hayana thamani.

Mkutano mkuu kisheria

Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba kipindi hicho hicho ndicho kilichozaa msingi wa kisheria wa baraza la kijiji. Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ilikitambua kijiji kuwa chombo chenye mkutano mkuu na halmashauri yake. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 iliendeleza mfumo huo: mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliotimiza umri wa miaka 18, nao huchagua halmashauri ya wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25. Marekebisho ya baadaye yalidai robo ya wajumbe, angalau, wawe wanawake.

Nguvu ya kweli iliongezwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo halmashauri haiwezi kugawa ardhi ya kijiji pasipo kibali cha mkutano mkuu. Ardhi inapotakiwa kutolewa kwa manufaa mengine, ikiwa ni hekta 250 au pungufu, mkutano mkuu ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo yake. Baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7, lazima liwe na wanawake 3. Sheria imewapa kiti wale ambao kibaraza cha mawe kiliwanyima.

Hata hivyo sheria hizo zilitungwa kwa Kiingereza, na mkutano ukaendeshwa kwa Kiswahili. Mwanakijiji aliulizwa kuhusu haki ambayo asili yake ilikuwa katika lugha asiyoisoma, akitegemea tafsiri au maelezo ya ofisa. Ni mwaka 2021 tu ambapo marekebisho ya sheria yaliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama Tanzania. Hapa kazi ya wanafunzi wa lugha inakutana moja kwa moja na maisha ya watu. Maneno kama akidi, hoja, muhtasari na ridhaa yana kazi nzito kuliko istilahi za vitabuni, kwani asiyejua maana ya akidi hawezi kuukataa mkutano wa watu wachache unaojiita wa kijiji.

Nchini Kenya mwelekeo ulifanana, ingawa kwa njia nyingine. Mpaka mwaka 1997 mikutano ya hadhara ilihitaji leseni; tangu hapo ikatosha kutoa taarifa. Katiba ya mwaka 2010 ikauweka ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na ikalitaka Bunge na mabunge ya kaunti kuuwezesha.

Yanayofunzwa na historia

Mifano hii inaonyesha kwamba matayarisho ya mkutano ni sehemu ya uamuzi wenyewe. Taarifa ikitolewa jana kwa mkutano wa leo, au siku ikipangwa katikati ya msimu wa kupanda, wengi wamekwisha kunyamazishwa kabla mwenyekiti hajafungua kikao. Ajenda ikifichwa, watu hawapati muda wa kushauriana vibarazani na majumbani, mahali ambapo mawazo hukomaa. Mwendeshaji akitosheka na sauti za waliozoea kusema, ukimya wa wengine huhesabiwa kuwa ridhaa. Na muhtasari usiposomwa hadharani, lililoandikwa linaweza kutofautiana na lililosemwa.

Juu ya yote ni mrejesho. Mtawala wa Mogadishu alijibu nyuma ya karatasi ile ile. Kirilo alirudi kwa waliomtuma. Mkutano usioletewa jibu huua mkutano unaofuata, na watu wanaoacha kuja mara nyingi huitwa wavivu, ilhali wamefanya hesabu zao tu.

Hitimisho

Wahenga walisema wengi wape, na kwamba usipowapa watachukua wenyewe. Historia ya baraza katika Afrika Mashariki inaweza kusomwa kama ufafanuzi wa methali hiyo. Serikali ya kikoloni haikuwapa Wameru, wakaitisha mikutano yao, na kutoka humo pakatoka sehemu ya nguvu iliyoleta uhuru. Litowa walipewa kisha wakanyang'anywa, na taifa likakosa somo ambalo lingeweza kuliepusha na machungu ya miaka iliyofuata. Leo sheria inawapa wengi neno juu ya ardhi yao. Kama neno hilo litakuwa na uzito, hilo litategemea mambo yanayoonekana madogo: siku ya mkutano, lugha ya tangazo, idadi ya waliohudhuria, na daftari la muhtasari lililoachwa wazi mahali ambapo kila mkazi anaweza kulisoma.