Sayansi Jukwaani: Visa vya Ujiji na Gombe

Tamthilia ya sayansi ni mchezo ambao mgogoro wake hautokani na mapenzi wala mali, bali na swali: jambo hili ni kweli, na limejulikanaje? Bertolt Brecht alimpandisha Galileo jukwaani mjini Zürich mwaka 1943. Mwaka 1998, huko London, Michael Frayn aliwakutanisha wanafizikia Bohr na Heisenberg katika Copenhagen. Ufuo wa Ziwa Tanganyika, kati ya Ujiji na Gombe, nao una visa viwili vya kweli vyenye kila kinachotakiwa na mchezo wa namna hiyo.

Kisa cha kwanza ni cha mto Rusizi. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walifika Ujiji Februari 1858, wakifuata njia ya misafara iliyokwisha kukanyagwa na wafanyabiashara wa pwani na wapagazi wa Kinyamwezi. Walitaka kujua kama mto ulio kaskazini mwa ziwa unatoka au unaingia. Ukitoka, ziwa lingeweza kuwa chanzo cha Nile. Ukiingia, dai hilo lingeanguka. Aprili walikwenda kwa mitumbwi hadi Uvira, na huko wenyeji wakawaambia kwamba Rusizi unaingia ziwani. Wageni hao walirudi Ujiji bila kuuona mdomo wa mto kwa macho yao.

Miezi michache baadaye Speke aliliona ziwa la Nyanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria, na kutangaza kwamba ndilo chanzo cha Nile. Burton alimpinga, na baadaye akashikilia kwamba Rusizi huenda unatoka Tanganyika. Wataalamu wa Uingereza wakapanga mjadala wa wawili hao mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Swali likabaki wazi hadi Novemba 1871, wapelelezi Livingstone na Stanley walipoondoka Ujiji kwa mtumbwi, wakafika mdomoni mwa Rusizi na kukuta maji yanaingia. Miaka mitatu baadaye mpelelezi Verney Lovett Cameron aliuona mto Lukuga upande wa magharibi, ambako maji ya ziwa hutoka kuelekea Kongo.

Kwa hiyo jibu la watu wa Uvira lilikuwa sahihi tangu mwanzo. Lilisikiwa, likaandikwa, kisha halikupewa uzito kwa miaka kumi na mitatu. Hapo ndipo penye uhondo wa kisa hiki kwa mtunzi: ushahidi wa nani huhesabiwa kuwa ushahidi? Filamu ya Bob Rafelson ya mwaka 1990, Mountains of the Moon, ilijengwa zaidi juu ya urafiki na uhasama wa Burton na Speke kuliko swali hilo.

Kisa cha pili kiko Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mtafiti Jane Goodall alishuka ufuoni hapo Julai 1960, na kabla mwaka haujaisha alimwona sokwe akitumia bua la nyasi kuvua mchwa kwenye kichuguu. Wakati huo kutengeneza na kutumia zana kulihesabiwa kuwa alama ya binadamu peke yake. Habari za Goodall zimefika jukwaani kwa njia ya watoto: mwaka 2017 jumba la Kennedy Center mjini Washington lilionyesha mchezo wa nyimbo uliotokana na kitabu cha Patrick McDonnell, Me…Jane. Ni kazi nzuri ya kumfundisha mtoto kutazama kwa subira, ila inahusu utoto wa Jane huko Uingereza.

Mchezo mzito zaidi ulikuwa bado Gombe kwenyewe. Januari 1974 Hilali Matama, msaidizi wa utafiti, alishuhudia madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi, dume wa kundi la Kahama. Mashambulizi yaliendelea hadi 1978, na kundi la Kahama likatoweka. Mei 1975 wageni wanne wa kituo cha utafiti walitekwa na waasi kutoka ng'ambo ya ziwa. Wageni wakaondoka, Watanzania ndio waliobaki msituni, wakifuata sokwe siku baada ya siku na kuandika kwa Kiswahili walichokiona. Baadhi ya wanasayansi walidai kwamba ndizi walizopewa sokwe ndizo zilizochochea mashambulizi hayo ya sokwe. Mwaka 2014 utafiti uliolinganisha jamii nyingi za sokwe Afrika haukuunga mkono maelezo hayo.

Ukumbi wa Tanzania haukukosa nyenzo za kubeba habari kama hizi. Katika tamthilia ya Kinjeketile, iliyotoka mwaka 1969, Ebrahim Hussein alilikabili swali la imani na uthibitisho kupitia vita vya Maji Maji. Galileo wa Brecht anakana anachokijua. Kinjeketile anakataa kuyakana maji ya dawa ingawa ana shaka nayo. Katika miaka ya 1980, Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendesha sanaa za maonyesho vijijini, Malya mkoani Mwanza ikiwa mfano wa mapema. Wanakijiji walilichunguza tatizo lao, wakalichambua, wakaligeuza igizo, kisha wakalijadili hadharani. Huo ni mwendo wa utafiti wenyewe, na hadhira imo ndani yake.

Mbinu hiyo ndiyo inayoufaa zaidi ufuo wa Tanganyika, kwa sababu inampa shahidi nafasi ya kusema. Mtunzi wa Kiswahili anayetafuta tamthilia ya sayansi aanze na watu wa Uvira wa mwaka 1858 na waandishi wa kumbukumbu za Gombe.