Hati Zenye Shaka na Mkono Ulioziandika

Uchunguzi wa hati zenye shaka ni tawi la sayansi ya jinai linalotafuta majibu ya maswali machache kuhusu karatasi iliyoandikwa. Nani aliiandika? Lini, na kwa wino gani? Kuna aliyeongeza, aliyefuta au aliyebadilisha kitu baadaye? Hati yenyewe huweza kuwa wosia, hundi, mkataba wa kuuziana kiwanja, cheti cha shule au barua ya vitisho isiyo na jina. Watu wengi wakisikia habari za kazi hii hufikiria saini tu. Saini ni sehemu yake moja, tena si ile inayotoa majibu ya uhakika zaidi.

Kazi hii isichanganywe na grafolojia, ile inayodai kusoma tabia ya mtu katika mwinamo wa herufi zake. Mtaalamu wa hati hana la kusema kama mwandishi ni mkarimu au mchoyo. Hata kama ni mwanamume au mwanamke, mwandiko haumwambii kwa uhakika.

Mtoto akianza shule hufundishwa kuandika herufi kwa umbo moja na wenzake wa darasani. Miaka ikipita mkono hujizoesha, na kuandika kunakuwa jambo linalofanyika bila kufikiriwa. Hapo mtu huanza kuukata msalaba wa “t” kwa namna yake, kuiacha “a” wazi juu, kuirukisha kalamu kutoka herufi hii hadi ile. Kwa hiyo mtaalamu hutenga mambo mawili: sifa za kundi na sifa za mtu. Wazee wawili waliosoma shule moja ya misheni huweza kuwa na “r” zinazofanana kabisa, na kufanana huko kusithibitishe chochote. Maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama yaliyomo katika barua na hati za zamani za Lamu na Zanzibar, huchunguzwa kwa msingi uleule; ila humo jicho hufuata zaidi jinsi herufi zinavyoungana, na kama nukta mbili zimewekwa mbalimbali au zimeunganishwa kuwa kistari.

Jambo la pili ndilo gumu kumweleza asiyelijua. Hakuna mtu anayeandika neno lilelile mara mbili sawasawa. Saini kumi za mtu mmoja ni saini kumi tofauti, lakini tofauti zake zina mipaka. Mtaalamu huitafuta mipaka hiyo kwanza, kisha ndipo huuliza kama maandishi yanayobishaniwa yamo ndani yake au yametoka nje. Saini inaweza pia kufanana kupita kiasi.

Kesi iliyoliweka wazi jambo hili ilisikilizwa Marekani. Sylvia Ann Howland, tajiri wa New Bedford, Massachusetts, alifariki mwaka 1865. Binti wa dada yake, Hetty Robinson, alileta wosia wa awali wenye ukurasa wa nyongeza uliobatilisha wosia wowote wa baadaye, na ukurasa huo ulikuwa na saini ya marehemu. Upande wa pili ulimwita Benjamin Peirce, mwanahisabati wa Harvard. Yeye na mwanawe Charles walichukua saini 42 ambazo ukweli wake haukubishaniwa, wakazilinganisha mbilimbili, wakihesabu ni mara ngapi mikato 30 ya kushuka ya saini moja inaangukia palepale ilipo ya nyingine. Kwa wastani mkato mmoja kati ya mitano ndio uliolingana. Katika saini iliyobishaniwa, yote 30 ililaliana na ile ya wosia wenyewe. Peirce aliieleza mahakama kwamba jambo hilo kutokea kwa bahati lina nafasi moja katika idadi ya 2,666 ikifuatiwa na sufuri 18.

Hesabu hiyo ina kasoro, maana ilichukulia kwamba kila mkato unajitegemea, ilhali mkono ulioanza saini kwa upana fulani huelekea kuendelea kwa upana huohuo. Mahakama nayo iliimaliza kesi mwaka 1868 kwa hoja nyingine ya kisheria. Hata hivyo kanuni ilibaki: saini mbili zikilaliana mstari kwa mstari, yaelekea moja imepitishiwa juu ya nyingine.

Kupitishia ni njia mojawapo ya kughushi; nyingine ni kuiga kwa kutazama. Zote zina udhaifu mmoja, kwamba mghushi anachora mahali ambapo mwenye saini anaandika. Chini ya hadubini mstari wake huwa na unene uleule mwanzo hadi mwisho, huanza na kukoma butu, na kalamu huinuliwa pasipo sababu katikati ya kitanzi ili jicho lirudi kutazama kiolezo. Kisha huja marekebisho madogo, mstari ukiguswa tena ili upendeze. Mtu hapambi saini yake mwenyewe namna hiyo, na wengi wetu saini zetu ni mbaya na hatujali.

Mtetemo unahitaji uangalifu zaidi. Mzee wa miaka 80 au mgonjwa wa Parkinson huandika mstari unaotetemeka, na mtazamaji asiyejua husema papo hapo kwamba saini imeghushiwa. Lakini mtetemo wa maradhi huenda hovyo: herufi hurukwa, mwandiko huteremka chini ya mstari wa karatasi, mkato mmoja huchomoka kwa nguvu. Mtetemo wa mghushi huongezeka penye kona ngumu, na haachi hata herufi moja, kwa kuwa anaogopa kukosea. Mashauri ya mirathi hukwama hapa mara nyingi. Marehemu alitia saini akiwa kitandani, na sampuli zinazoletwa ni fomu za benki alizojaza miaka kumi kabla, akiwa mzima. Ulinganisho wa namna hiyo hauna thamani kubwa hata ukifanywa na bingwa.

Sampuli ziko za aina mbili. Zipo alizoandika mtu katika shughuli zake za kila siku, kabla ya ugomvi, na zipo za kuagizwa, anazoandika mbele ya mpelelezi. Za kwanza ni za kweli zaidi ila hazina maneno yanayotakiwa. Za pili zina maneno, ila mtu huweza kujificha ndani yake kwa kubadilisha mwinamo na ukubwa. Ndiyo maana sampuli za kuagizwa husomwa kwa imla, mara nyingi, kila karatasi ikiondolewa mezani kabla ya nyingine, na mwandishi haonyeshwi kamwe hati yenye shaka. Tena haelekezwi tahajia. Katika kesi ya kutekwa kwa mtoto wa rubani Charles Lindbergh mwaka 1932, barua za kudai fedha zilikuwa na makosa ya Kiingereza ya mtu aliyezoea Kijerumani, na makosa hayo yakaonekana pia katika sampuli za Bruno Richard Hauptmann. Albert S. Osborn, ambaye kitabu chake cha 1910 ndicho kilichoipa fani hii mwili, alitoa ushahidi dhidi yake mwaka 1935. Hauptmann alidai kwamba polisi ndio waliomwambia ayaandike maneno hivyo. Aliuawa kwa kiti cha umeme mwaka uliofuata, na ubishi juu ya zile sampuli ulimzidi umri.

Sampuli zikiwa mbovu, utaalamu wote hauna kazi. Aprili 1983 jarida la Stern la Ujerumani Magharibi lilitangaza kwamba limepata shajara za Adolf Hitler. Wataalamu wa mwandiko walikuwa wameshaulizwa, nao walisema mkono ni mmoja. Hawakukosea kabisa: baadhi ya karatasi walizopewa kuwa mfano wa mwandiko wa Hitler zilitoka kwa Konrad Kujau, mghushi yuleyule aliyeandika shajara. Siku chache baadaye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya nchi hiyo ilitoa matokeo ya maabara. Karatasi ilikuwa na kemikali ya kung'arisha weupe, na nyuzi za jalada zilikuwa na poliesta, vitu vilivyoanza kutumika baada ya vita.

Ndiyo sababu mimi huiamini karatasi kuliko umbo la herufi. Wino mweusi wa kalamu mbili huonekana mmoja kwa macho, lakini chini ya mwanga wa infraredi mmoja hubaki mweusi na mwingine hufifia au kupotea, kutegemea ulivyotengenezwa. Kwa njia hii tarakimu iliyoongezwa hujitokeza peke yake. Huku kwetu anayeandika 2,000/= huwa ameufunga upande wa kulia kwa ile alama ya shilingi, akauacha wa kushoto wazi, na 1 moja tu hutosha kuifanya 12,000/=. Kuyabadilisha maneno “elfu mbili tu” yawe “elfu kumi na mbili tu” kunataka nafasi ambayo mwandishi mwangalifu hakuiacha, na hiyo ndiyo kazi ya kuandika kiasi mara mbili katika hundi na stakabadhi.

Alama za mkandamizo nazo zina hadithi ndefu. Kalamu ikiandika kwenye karatasi ya juu ya daftari, karatasi ya chini hubonyea kwa kiasi kisichoonekana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wachunguzi wanatumia kifaa kilichobuniwa Uingereza, ESDA. Karatasi yenye unyevunyevu kidogo hulazwa juu ya bamba la chuma, ikafunikwa kwa plastiki nyembamba iliyotiwa umeme tuli, kisha ikamwagiwa unga mweusi wa tona. Unga hukimbilia kwenye mabonyeo na maneno yakasomeka, na hati haidhuriki. Kusugua penseli juu ya karatasi, kama wafanyavyo wapelelezi wa filamu, huharibu kielelezo. Kifaa hicho kiliwahi kuwageukia polisi wenyewe. Wanaume sita waliofungwa mwaka 1975 kwa mabomu ya Birmingham waliachiwa huru na Mahakama ya Rufani mwaka 1991, na moja ya sababu ni uchunguzi ulioonyesha kwamba maelezo ya mahojiano ya mmoja wao hayakuandikwa kwa wakati na mfululizo ambao polisi walikuwa wameuapia.

Hati zilizochapwa nazo hazikosi dalili. Mwaka 2017 wapelelezi wa Pakistan katika shauri la familia ya waziri mkuu Nawaz Sharif waliletewa hati yenye tarehe ya Februari 2006 iliyochapwa kwa fonti ya Calibri, fonti iliyoingia sokoni na programu za Microsoft mwanzoni mwa 2007. Printa nyingi za rangi za leza hutia kwenye kila ukurasa vitone vya njano visivyoonekana kwa macho, vyenye nambari ya mashine na muda wa kuchapa. Mwaka 2005 mpangilio wa vitone vya aina moja ya printa za Xerox ulifumbuliwa hadharani.

Mahakamani, maoni ya mtaalamu ni ushahidi wa kupimwa, hayamfungi hakimu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania, na ya Kenya katika kifungu cha 48, zote zikiwa na asili yake katika sheria ya India ya 1872, zinaruhusu maoni ya mabingwa kuhusu utambuzi wa mwandiko. Zinaruhusu pia ushahidi wa mtu aliyeuzoea mkono wa mwandishi, kama karani aliyepokea barua zake kwa miaka. Asiyejua kuandika na akaweka dole gumba, hati yake huenda kwa wataalamu wa alama za vidole, na kwa mtazamo wangu yuko salama kuliko mwenye saini ya mkato mmoja.

Ukumbi wa mahakama ndipo fani hii ilipopata aibu yake kubwa. Mwaka 1894 jeshi la Ufaransa lilipata karatasi yenye siri zilizokuwa zikipelekwa ubalozi wa Ujerumani mjini Paris, likamshuku Kapteni Alfred Dreyfus. Gobert, mtaalamu wa Benki ya Ufaransa, alisema huenda imeandikwa na mtu mwingine. Wakamwita Alphonse Bertillon, mkuu wa utambulisho wa polisi, ambaye mwandiko haukuwa fani yake. Palipofanana, Bertillon alisema ni mkono wa Dreyfus. Palipotofautiana, alisema Dreyfus amejighushi mwenyewe ili aje akane. Nadharia ya namna hiyo haina ushahidi unaoweza kuipinga. Mwaka 1904 wanahisabati watatu, Henri Poincaré akiwa mmoja wao, waliichambua na kuitupa, na 1906 Dreyfus alisafishwa jina. Mwandishi halisi alikuwa ofisa mwingine, Esterhazy.

Kwa karibu karne nzima baadaye wataalamu waliaminiwa kwa uzoefu wao, bila kupimwa. Mwaka 1995 jaji mmoja wa New York, katika kesi ya Starzecpyzel, aliona kwamba kazi yao ni ujuzi wa vitendo na haijathibitika kuwa sayansi. Vipimo vilifuata. Katika jaribio la Moshe Kam na wenzake la 1997, watu wa kawaida waliunganisha kimakosa maandishi ya watu tofauti kwa asilimia 38.3, wataalamu kwa asilimia 6.5. Utafiti mkubwa zaidi ulichapishwa 2022: wataalamu 86 walitoa hitimisho 7,196. Walipopewa maandishi ya watu wawili tofauti, walisema ni mkono mmoja kwa asilimia 3.1, na kosa la kinyume, la kumkana mwandishi wa kweli, lilikuwa asilimia 1.1. Maandishi yalipokuwa ya mapacha, lile kosa la kwanza lilipanda hadi asilimia 8.7. Kwa hiyo ripoti ya leo haiandiki “ndiye” na “siye” tu. Ina ngazi za kati, na ngazi ya kusema kwamba haiwezekani kuamua.

Hiyo ya mwisho inatumika sana siku hizi, kwa kuwa kinacholetwa mezani mara nyingi ni fotokopi au picha iliyopigwa kwa simu. Nakala haionyeshi mkandamizo, haionyeshi mstari upi ulitangulia penye makutano, na saini halali iliyokatwa kwenye hati nyingine huweza kubandikwa humo bila kuacha alama. Umri wa wino nao hupimwa kwa kuangalia viyeyushi vya kalamu ya kawaida vimebaki kiasi gani, navyo huwa vimekwisha kukauka kwa sehemu kubwa ndani ya takriban miaka miwili. Mkataba wa kiwanja unaodaiwa kuwa wa 2009 hauwezi tena kuulizwa kwa njia hiyo kama uliandikwa 2009 au 2015. Kwa saini iliyoandikwa juu ya kioo cha kifaa cha benki, mtaalamu haombi karatasi iliyochapwa. Anaomba faili lenyewe, kama mfumo ulihifadhi kasi na mgandamizo wa kalamu, maana katika picha yake pekee vyote viwili havimo.